Tawakkul na Mlango Uliofungwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, ambaye funguo za mambo yote zi mkononi mwake. Na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake wote. Amma baad.

Usiku mmoja, darasa lilipokwisha na wanafunzi wakawa wanatafuta viatu vyao mlangoni, alisalia ndani ya msikiti mtu mmoja wa makamo ambaye si desturi yake kusalia. Twamjua kuwa ni mwuza nguo, mwenye duka dogo, mtu wa sala ya jamaa na wa safu ya mbele, asiyejulikana kwa ugomvi wala kwa maneno mengi. Jina lake hatulitaji wala mtaa wake, na haya tunayaandika kwa idhini yake. Kwani alituambia kwamba huenda katika mji huu wamo wengine walio katika dhiki kama yake, nao kila asubuhi huvaa kanzu safi wakaamkiana na watu kama kwamba hapana kitu.

Dhiki yake ilikuwa hii. Kabla ya Ramadhani alichukua majora ya nguo kwa muuzaji wa jumla, kwa ahadi ya kulipa baada ya Idi. Alitaraji biashara kama ya miaka iliyotangulia, lakini mwaka ule watu hawakuwa na fedha. Walipita mbele ya duka, wakashika vitambaa, wakauliza bei, kisha wakaenda zao. Idi ikapita nguo zingali rafuni, na ahadi ikawadia. Mdai wake alimpa muda mara ya kwanza. Mara ya pili akamwambia kwamba mwezi ukiandama naye hajalipa, atachukua kilichomo dukani na kumshitaki kwa kitakachobaki. Na nyuma ya deni hilo ilikuwako kodi ya duka, na karo ya watoto, na dawa za mama yake mzee.

Lakini si hayo yaliyomleta kwetu. Lililomleta ni kwamba nyumbani kwake, ndani ya sanduku lililo chini ya kitanda anacholalia, mna fedha, na fedha hizo si zake. Ni za watoto watatu wa marehemu ndugu yake, ambaye alipokuwa katika maradhi ya kufa alimfanya yeye kuwa wasii wao. Watoto wangali wadogo, hawajui kiasi cha mali yao, na mama yao hakupata kuuliza kwa kuwa ana imani na shemeji yake. Fedha hizo zingetosha kulipa deni lote na nyingine zikabaki. Akatuambia: "Sheikh, kila usiku nalala juu yake. Milango yote imefungwa, umesalia huo mmoja tu. Nikiuingia, kisha biashara ikitengenea nikarudisha, je, Mungu hatanisamehe? Si Yeye ajuaye nia yangu?"

Tulipomwuliza kama amekwisha kutaka shauri kwa mwengine, alituambia kwamba amewauliza rafiki zake watatu, na kila mmoja akampa jibu lake. Wa kwanza alimwambia azichukue fedha, kwani Mungu ni Mwingi wa kusamehe na yeye ni mwenye nia ya kurudisha. Wa pili alimwambia kwamba duka lake limefungwa na hasidi, na kwamba yuko mtu mahali fulani ajuaye kutazamia na kufungua. Wa tatu alimwambia asifanye neno lolote, akae na kusema "nimemtegemea Mungu", na mambo yatajitengeneza yenyewe.

Ndugu zetu, tumeyataja majibu haya matatu kwa kuwa ndiyo yanayozunguka katika miji yetu ya pwani kila mtu apatwapo na dhiki. Na la ajabu ni kwamba wote watatu humtaja Mungu. Yapasa basi tuyapime, tupate kujua ni lipi katika hayo lililo tawakkul, au kwamba halimo hata moja.

Tuanze na yule wa pili, kwa kuwa jambo lake ni wazi. Mwenye kumwendea mpiga ramli husema kwa ulimi wake kwamba Mungu amtosha, na miguu yake yasema mengine. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa anayemwendea mtabiri akamwuliza kitu, sala yake haikubaliwi muda wa siku arubaini. Lakini tujiulize pia: ni kitu gani kinachowavuta watu huko, na miongoni mwao wamo wanaosali? Twaona ni hiki: mganga huuza uhakika. Humwambia mtu ni nani adui yake, na siku gani mambo yatafunguka, na ni kitu gani azike chini ya kizingiti. Mtu aliye gizani hulipa fedha nyingi apate kuambiwa kesho kutakuwaje, hata kama aambiwalo ni uwongo. Kisha hurudi nyumbani na mabaya mawili: fedha zimepungua, na jirani yake aliyekuwa akimwamkia kwa kheri amekwisha kuwa adui moyoni mwake. Nasi hatujapata kusikia mganga aliyemwambia mwenye duka kwamba hasidi wako ni daftari lako, ulichukua mali zaidi ya uwezo wako.

Na huyu wa tatu, maneno yake yapendeza masikioni, na ndiyo maana khatari yake ni kubwa. Amelichukua neno tukufu la tawakkul akalifanya godoro la kulalia. Mtume wetu (s.a.w.), katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, amemfananisha mwenye kutawakkali kwa haki na ndege, ambaye asubuhi hutoka na njaa na jioni hurudi ameshiba. Watu wengi huitaja Hadithi hii ili kuhalalisha kukaa kitako. Lakini ndege wa Hadithi hakubaki kiotoni akafumbua mdomo, alitoka. Hakujua atapata wapi, wala hakuwa na ghala, wala hakuwekeana ahadi na mtu, lakini alitoka. Kutoka ni kazi yake, na kushiba ni kwa Mola wake.

Natutazame Hijra ya Mtume mwenyewe, katika mwaka 622 wa Miladi, kwani hapana hali iliyokuwa ya dhiki kuliko ile. Makureshi walikuwa wameafikiana kumwua, kila ukoo utoe kijana wake, ili damu yake igawanyike juu ya koo zote na jamaa zake washindwe kulipiza kisasi. Je, Mtume alikaa akangoja muujiza? La. Abubakar alikuwa amekwisha kuwatayarisha ngamia wawili kwa safari. Aliajiriwa mwongoza njia, Abdullahi bin Urayqit, ambaye wala hakuwa Mwislamu, lakini alikuwa stadi wa njia za jangwani na mtu wa kuaminika. Na ijapokuwa Yathrib iko upande wa kaskazini, wao walielekea kusini, kwenye mlima wa Thaur, mahali wasipotarajiwa. Wakakaa pangoni siku tatu. Abdullahi, mwana wa Abubakar, huwaletea khabari za mji usiku, na Amir bin Fuhaira huwapitishia mbuzi na kondoo jioni wakapata maziwa, na nyayo zikafutika.

Baada ya hayo yote, wanaowatafuta walifika mpaka mdomo wa pango. Abubakar akaingiwa na khofu, akasema kwamba lau mmoja wao angetazama chini ya miguu yake, angewaona. Hapo ndipo Mtume alipomtuliza kwa kumwuliza adhaniaje juu ya watu wawili ambao wa tatu wao ni Mwenyezi Mungu. Tulizingatie sana jambo hili. Neno lile halikusemwa Makka, kabla ya ngamia na mwongozi na njia ya kusini. Lilisemwa pangoni, pale ambapo kila lililo katika uwezo wa binadamu limekwisha kufanywa, na lililobaki halimo tena mikononi mwa mtu. Hiyo ndiyo tawakkul: mkono ufanye yake mpaka mwisho wa urefu wake, na moyo usiutegemee mkono.

Sasa tumrudie yule wa kwanza, kwani yeye ndiye aliyekaribia kumwangamiza ndugu yetu. Maneno yake yana asili ya kweli: Mungu ni Mwingi wa kusamehe, hapana shaka. Lakini rehema ya Mungu ni kamba ya kumtoa aliyetumbukia kisimani. Si mtaji wa kufanyia biashara ya dhambi. Katika Sura ya Yusuf twaelezwa jinsi ndugu zake walivyoshauriana kumwua au kumtupa mbali, na katika shauri lile lile wakakubaliana kwamba baada ya hapo watakuwa watu wema. Walikwisha kuiweka toba yao katika hesabu kabla ya kuitenda dhambi yenyewe. Basi mwenye kusema "nitachukua mali ya yatima, kisha nitatubu nirudishe" na ajue kwamba shauri hili si jipya. Limepata kutolewa kando ya kisima.

Na mali ya yatima si kama mali nyingine. Qur'ani haikutukataza kuila kwa dhulma tu. Imetukataza hata kuikaribia, ila kwa njia iliyo bora kwake yeye yatima. Na katika Sura ya An-Nisaa wanaoila kwa dhulma wamefananishwa na watu wanaokula moto matumboni mwao. Ni kweli kwamba wasii aliye masikini ameruhusiwa kula kwa wema kwa ajili ya kazi yake ya kuiangalia; lakini kuwalipa wadai wake kwa mali hiyo ni jambo jingine kabisa. Wasii si mwenye mali, ni mlinzi. Akijikopesha, yeye huwa ndiye mkopaji na yeye ndiye mkopeshaji, na yule mwenye haki yuko nje anacheza, hana habari wala hana wa kumsemea. Ikiwa biashara haikutengenea, ni nani atakayekwenda kwa nani kudai?

Basi mtu aweza kusema: mmekwisha kuyakataa yote matatu, na mwezi unakaribia kuandama, mwataka afanye nini? Hilo ni swali la haki, na jawabu lake tulilipata katika Sura hiyo hiyo ya Yusuf.

Nabii Yusuf (a.s.) alikuwa kijana mgeni, mtumwa katika nyumba ya watu, hana baba karibu wala ndugu wa kumtetea. Mke wa bwana wake akamtaka, akaifunga milango. Qur'ani yasema milango, si mlango mmoja, na yasema ameifunga. Yusuf aliiona imefungwa. Pamoja na hayo, alipojikinga kwa Mola wake hakusimama pale alipo akasema "nifanye nini, hapana njia". Aliukimbilia mlango. Aliukimbilia mlango anaoujua kuwa umefungwa, na nyuma yake anavutwa kwa kanzu mpaka ikararuka.

Ndugu zetu, hapa ndipo ilipo siri ya jambo letu lote. Lau Yusuf angelipima kwa akili ya biashara, asingelikimbia. Kwani kukimbilia kufuli kuna faida gani? Lakini hakuulizwa kuufungua mlango. Aliulizwa upande gani atauelekeza uso wake. Nyuma yake palikuwa na njia iliyo wazi, nayo ni haramu. Na mbele yake palikuwa na njia ya halali, nayo imefungwa. Akaipa mgongo iliyo wazi, akaikimbilia iliyofungwa. Na walipofika mlangoni walimkuta bwana wa nyumba. Kisha mbio zile, ambazo mtu angeweza kusema ni za bure, ndizo zilizokuwa shahidi wake; kwani kanzu yake iliraruliwa kwa nyuma, na ikabainika kwamba yeye ndiye aliyekuwa akikimbia. Lau angelisimama, angelikosa hata ushahidi huo.

Iko aya katika Sura ya At-Talaq ambayo watu wetu huiandika kwa khati nzuri wakaitundika madukani. Maana yake ni kwamba mwenye kumcha Mungu, Mungu atamfanyia njia ya kutokea na atamruzuku kwa namna asiyoitazamia, na mwenye kumtegemea Yeye humtosha. Twaipenda aya hii, na ni haki kupendwa. Lakini ni wangapi katika sisi waliopata kutazama imekaa wapi? Imekaa katikati ya hukumu za talaka: hesabu ya eda, na kuweka mashahidi waadilifu, na kutomtoa mke nyumbani kwa dhulma, na posho ya anayenyonyesha. Yaani ahadi hii kubwa imewekwa pale hasa ambapo nyumba imevunjika, roho zimechafuka, na kila mmoja ana hamu ya kumdhulumu mwenzake apate kutoka katika dhiki yake. Hapo ndipo tunapoambiwa: usitokee kwa njia ya dhulma, shika mipaka, na njia ya kutokea ni juu ya Mungu. Sharti la mlango kufunguliwa ni kutovunja ukuta wa mtu mwengine.

Haya tulimweleza bwana yule. Kisha tulimwuliza maswali. Tulimwuliza: Je, mdai wako amekwisha kuliona daftari lako, akajua kwamba nguo zake ziko rafuni na hukuzila? Akasema hapana. Tukamwuliza: Umepata kumwomba azichukue zile zisizouzwa? Akasema hapana. Mke wako ajua? Hapana. Ndugu zako? Hapana. Umepata kuuliza kazi kwa mtu mwengine mwenye duka? Akainamisha kichwa.

Hapo tulifahamu, naye alifahamu, kwamba milango ile aliyosema imefungwa hakupata kuisukuma hata mmoja. Kufuli yake haikuwa ya chuma. Ilikuwa ni aibu. Ni kuogopa watu watasemaje barazani, ni kuogopa kuitwa muflisi na wale waliozoea kumwita tajiri. Na twamwomba Mungu atusamehe sisi pia, kwani sisi tuliosoma twapenda sana kumwambia mwenye dhiki "mtegemee Mungu", kisha twaenda zetu kula chakula cha usiku, tukamwacha na kufuli yake. Siku ya pili, watu wawili wa darasa letu walifuatana naye mpaka kwa mdai.

Tungelipenda kuwaambia wasomaji kwamba mdai alilia akasamehe deni lote. Haikuwa hivyo. Alikasirika, akasema maneno mazito, na baadhi ya maneno yake yalikuwa ya haki. Lakini alipoliona daftari, na akaona majora yamekaa kama alivyoyatoa, alikubali kuyapokea kwa bei ya chini kuliko ile aliyouzia, na deni lililobaki likagawanywa kwa miezi. Duka lilifungwa. Ndugu yetu leo anapima nguo kwa ujira katika duka la mtu mwengine, katika njia ile ile aliyokuwa akikaa mbele ya duka lake mwenyewe, na wapitao humwona. Alipomweleza mkewe, mkewe alimwambia kwamba siku nyingi amekwisha kujua kuna jambo, kwa kuwa halali usiku. Alikuwa akingoja tu kuambiwa.

Na zile fedha alizitoa sandukuni, akazihesabu mbele ya mama wa watoto na mashahidi wawili, zikaandikwa, wala haikupungua hata shilingi moja. Alituambia kwamba alipokwisha kuzihesabu mikono yake ilikuwa ikitetemeka kwa kujua jinsi alivyokaribia.

Mtu atasema: Basi tawakkul yake imemfaa nini, naye duka limemtoka? Twamjibu: Na Yusuf naye, alipotoka mlangoni, alikwenda wapi? Alikwenda gerezani, akakaa miaka. Mwenyezi Mungu hakumwahidi mja wake kwamba kila mlango utakaofunguka utatokea kwenye bustani. Waumini waliotupwa katika mahandaki ya moto, ambao khabari yao imo katika Sura ya Al-Buruj, waliungua, na Ibrahimu (a.s.) alitupwa katika moto asiungue. Imani ni moja na mwisho ni mbali mbali, na wote wawili Mungu amewasifu. Mwenye kutawakkali hajui kama moto wake utapoa au hautapoa. Ajualo ni kwamba hatautoka upande wa Mola wake. Mganga huuza uhakika wa kesho. Mungu ametupa lililo bora kuliko huo, nalo ni kwamba mwenye kuwa pamoja naye hapotei, kesho iwe itakavyokuwa. Na yule Yusuf aliyehifadhi amana ya nyumba moja, mwisho wake alikabidhiwa ghala za nchi nzima.

Na juu ya amana, natuurudie usiku ule wa Hijra kwa neno moja tuliloliacha nyuma. Watu wa Makka, pamoja na kumkadhibisha Mtume, walikuwa wakiweka amana zao kwake. Usiku ule walipotaka kumwua, amana zao zilikuwa zingali mikononi mwake. Alikuwa akitoka katika mji wake hana nyumba aendako wala mali. Na waliomdhulumu ndio wenye fedha zile. Ni nani angelimlaumu? Lakini alimwacha Ali bin Abi Talib (r.a.) nyuma, katika khatari ile, ili kila mwenye amana arudishiwe yake. Basi ikiwa mali ya adui haikuguswa katika saa ya dhiki kama ile, itakuwaje mali ya yatima?

Tena iko Hadithi ya watu watatu, aliyoipokea Bukhari na Muslim, walioingia pangoni mwamba ukawaziba. Walipoona hapana hila, kila mmoja alimwomba Mungu kwa amali aliyoifanya kwa ajili yake. Mmoja alikuwa na wema wake kwa wazazi wake wazee. Mmoja aliacha zina baada ya kuwa ameiweza. Na mmoja alikuwa na ujira wa kibarua aliyeondoka bila ya kuuchukua, naye akaukuza mpaka ukawa wanyama wengi, kisha mwenyewe aliporudi akampa wote. Kila mmoja alipoomba mwamba ulisogea kidogo, na wa tatu alipoomba, ulifunguka. Twaona basi kwamba ndani ya pango lile mtu hana fedha wala ndugu. Alichonacho ni haramu aliyoiacha na haki aliyoitimiza. Mwenye kula amana leo ili atoke katika shida ndogo ajue kwamba anaitumia akiba ya siku ya mwamba.

Wahenga wetu wamesema: baada ya dhiki, faraji. Ni neno zuri. Lakini Qur'ani, katika Sura ya Ash-Sharh, imekwenda mbele zaidi, kwani haikusema baada. Imesema kwamba wepesi uko pamoja na uzito, na imelikariri neno hilo mara mbili. Wepesi wa ndugu yetu haukuja baada ya dhiki yake kwisha, kwani deni lingaliko mpaka leo. Ulikuwa umo humo ndani ya dhiki: katika ulimi wa mkewe aliyekuwa akingoja kuambiwa, na katika miguu ya watu wawili wa kufuatana naye, na katika daftari alilokuwa akiogopa kulifungua.

Na mwisho twasema neno moja kwa wenye kudai na kwa mji mzima. Mwenyezi Mungu amewaamuru wenye kudai, katika Sura ya Al-Baqara, wampe muda mdaiwa aliye katika dhiki mpaka apate wasaa, na akasema kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Watu wengi huingia katika haramu si kwa kuwa hawana imani, bali kwa kuwa sisi tumeifanya halali kuwa na aibu. Tukimcheka aliyefilisika, tunamsukuma kwenye sanduku la yatima, na kwenye kilinge cha mganga, na kwenye mikopo ya riba ambayo siku hizi hupatikana hata kwa kubonyeza simu kitandani. Basi kila mmoja wetu na ajitazame: huenda yeye ndiye kufuli ya mlango wa mwenzake. Na atakayemwona ndugu yetu akipima nguo katika duka la watu, na ambaye atadhani kuwa amemjua, na amwamkie kwa heshima kubwa kuliko siku zile alipokuwa na duka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wenye dhiki nguvu ya kuukimbilia mlango wa halali hata ukiwa umefungwa, na awalainishe nyoyo wenye kudai, na azihifadhi mali za mayatima mikononi mwa walinzi wao, na asituache tukategemea nafsi zetu hata kwa kupepesa jicho. Amin.

Wabillahi ttaufiq.